Berlini Niliyoishi kwa Barua

Mwaka na nusu wa kwanza wa masomo yangu Ujerumani ya Mashariki niliishi Berlini, na katika muda wote huo sikuwahi kutia mguu Berlini. Najua jambo hilo linasikika vibaya. Ni baya kweli. Ila usinihukumu kabla hujanisikiliza, maana wakosaji tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa mtu wa kanisa.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana wa Usevya, Mpimbwe, ambaye hakuwa ameona mji mkubwa kuliko Mpanda, na Mpanda yenyewe nilikuwa nimeiona mara tatu, zote nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mpunga. Nikachaguliwa kwenda kusomea mitambo ya kilimo na ufugaji. Kijiji kikachinja mbuzi. Akina mama wakaimba wimbo ulionitaja mimi na ukoo wangu wote, na katekista, ambaye sote tulimwita Mwalimu, akasimama kwenye ngazi ya kanisa akatoa hotuba ndefu. Alisema kijana wetu anakwenda Berlini, mji mkuu wa Wajerumani, na kwamba kuanzia siku hiyo Usevya itakuwa na jicho lake huko. Hakuna aliyemwambia kwamba ninakwenda Berlini. Alisema Berlini kwa sababu ndilo jina pekee la mji wa Kijerumani alilolijua.

Mama alinisindikiza hadi Mpanda. Lori lilituchukua mchana kutwa kupitia mbugani, mbung'o wakitunywa damu, na njia nzima mama hakusema neno. Baba alikuwa amekwisha kufariki na mimi ndiye mwanawe wa pekee wa kiume; najua alikuwa na mengi moyoni. Aliyatoa yote kwa mkupuo mmoja pale stesheni, treni ikiwa imeshapiga honi.

"Ukila, usipokula, mimi sitajua," alisema. "Ukiugua mpaka upone sitajua. Nataka kitu kimoja tu. Usiache misa."

Nikamwahidi. Kumwahidi mama jambo mkiwa stesheni ni rahisi sana, kwa sababu treni inaondoka.

Chuo chetu kilikuwa katika mji mdogo, mdogo kiasi kwamba watu wa Mpanda wangeuita kijiji. Ulikuwa na barabara moja, duka la mikate, kinyozi, na ukumbi wa bia uliofungwa Jumatatu. Watu walivaa mabuti ya mpira na kuzungumzia mvua. Ukiondoa theluji na kabichi, ilikuwa Usevya tupu, ila Usevya tulikula vizuri zaidi. Mimi nilikabidhiwa nguruwe jike mmoja, mkubwa na mwenye hasira, ambaye wiki ya kwanza tu alinitoboa buti kwa meno, na tangu hapo tukawa tunaheshimiana. Kanisa lilikuwepo moja, la Walutheri, nalo lilikuwa na kufuli. La Kikatoliki lilikuwa mbali, katika mji mwingine, na Jumapili hakukuwa na basi la kwenda huko. Wiki za kwanza hilo liliniuma sana. Baadaye likaniuma kidogo. Baadaye nikawa nalala Jumapili mpaka saa tatu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Sasa jaribu kuiweka hali hiyo kwenye barua. Kwetu barua kutoka mbali haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilikuja kwa anwani ya misheni, Mwalimu akaichukua, na Jumapili baada ya ibada, kabla ya matangazo ya ng'ombe waliopotea, akaisoma kwenye ngazi ya altare mbele ya watu wote. Mama alikuwa hajui kusoma. Alikaa benchi la mbele, kanga imenyooshwa, akaisikiliza barua yake pamoja na kijiji kizima, kisha akakabidhiwa karatasi akaenda kuifungia sandukuni. Kwa hiyo nilipokaa kuandika sikuwa namwandikia mama. Nilikuwa nawaandikia wale wote waliokula mbuzi. Ningewaambiaje kwamba mbuzi yule alichinjwa ili mimi nikaoshe nguruwe?

Nikaandika kwamba niko Berlini. Nikaandika kwamba kila Jumapili nakwenda misa katika kanisa kubwa lenye mnara mrefu, ambao ukitaka kuuona mwisho wake lazima ushike kofia. Nikaongeza taa za barabarani na watu wengi, kidogo tu, kwa kiasi. Nilijiona mwongo mwenye adabu.

Majibu yakaja kwa mwandiko wa Mwalimu, aliyeandika kwa niaba ya mama. Mama anakusalimu. Mama anafurahi. Na mama anauliza, lile daraja la kioo, watu hawatelezi?

Nikaisoma barua ile mara tatu. Sikuwa nimeandika daraja lolote la kioo. Nikakaa kitandani nikafikiri mpaka nikaelewa: Mwalimu, akiwa pale kwenye ngazi, aliona barua yangu haina ladha akatia chumvi yake. Hapo ndipo mtu mwenye akili angekanusha. Mimi nikajibu kwamba watu hawatelezi, kwa sababu daraja limewekewa mchanga.

Kuanzia hapo hatukushikika. Barua iliyofuata iliuliza kama watu wa Berlini hawachoshwi na makelele ya treni zinazopita juu ya mapaa yao. Nikajibu wamezoea. Mwalimu akauliza habari za soko lenye ngazi zinazopanda zenyewe huku mtu amesimama. Nikajibu kwamba wazee wanazipenda. Basi Berlini ikajengwa na mafundi wawili, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa ameiona. Lazima niseme ulikuwa mji mzuri. Nyakati nyingine, nikiwa nasukuma toroli la samadi kwenye theluji, nilijikuta naufikiria kwa hamu kama mtu anayekumbuka kwao.

Kisha ikaja barua iliyonikosesha raha. Mama anaomba picha, aliandika Mwalimu. Siyo ya daraja wala ya treni, hayo amesikia yametosha. Anataka akuone umesimama mbele ya kanisa unalosali. Akiipata ataiweka karibu na msalaba wake ukutani.

Wiki chache baadaye mkuu wa chuo akatangaza kwamba tutapelekwa Berlini kwa siku tatu, kuanzia Ijumaa, na Jumapili asubuhi tutakuwa huru mpaka basi litakapoondoka saa saba mchana.

Wenzangu walishangilia. Mimi moyo uligawanyika kama ugali. Nilitaka kwenda, nani asiyetaka? Nilikuwa nimeusifia mji ule kuliko wenyewe walivyousifia. Na ilikuwa nafasi yangu ya kuugeuza uongo kuwa kweli: ningesali misa moja, moja tu, katika kanisa kubwa la Berlini, nikapiga picha mbele yake, na barua zangu zote zingepata mguu wa kusimamia. Lakini niliogopa. Niliogopa kuona hakuna kanisa. Niliogopa pia, na hili lilikuwa la kijinga, kwamba Berlini yenyewe itakuwa ndogo kuliko ile yangu na ya Mwalimu, nami nitaichukia kwa hilo. Usiku wa kuamkia safari nilimwambia yote mwenzangu wa chumbani.

Huyu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Mwislamu, mtu mnene na mcheshi, na tangu siku ya kwanza tulikuwa tumekubaliana kwamba sisi ni watani. Asiyejua utani niseme kidogo: mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya chakula, hata kukucheka msibani kwenu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mkosaji. Sheria hiyo niliipenda nilipokuwa namnyang'anya soseji zake, ambazo hata hivyo hakuweza kuzila. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atakuja nami kutafuta kanisa hilo, na kwamba kamera yake bado ina nafasi za picha mbili.

Ijumaa na Jumamosi zilipita na Berlini sikuiona. Walitufungia katika maonyesho ya mitambo ya kilimo pembeni ya mji, mvua inanyesha, tukaangalia trekta. Zilikuwa zilezile za chuoni, ila safi. Nilikuwa nimesafiri kutoka Mpimbwe hadi Berlini kuja kuangalia mashine ya kuvuna viazi ambayo naifahamu kwa jina lake na kwa tabia zake.

Jumapili jua likatoka. Niliamka saa kumi na mbili, nikaoga, nikavaa suti niliyokuja nayo kutoka nyumbani, na sikutia kitu mdomoni. Mama alitulea kwa sheria ya zamani: anayekwenda komunyo hali chochote tangu jana yake. Mtani alikula mayai mawili mbele yangu polepole sana.

Tukaingia katikati ya mji, na hapo moyo ukanigawanyika tena. Mji ulikuwa mkubwa kweli. Barabara zake zilikuwa pana kiasi kwamba ng'ombe wote wa Mpimbwe wangepita sambamba wasigusane. Lakini zilikuwa tupu. Hakuna aliyenisalimu, hakuna daraja la kioo, na treni moja niliyoiona ilipita chini kwenye reli zake kama treni yoyote ya Mpanda. Nilivutiwa na nilinuna, yote kwa pamoja. Nilijikuta namkumbuka kinyozi wa mji wetu mdogo, ambaye kila asubuhi aliniuliza hali ya nguruwe.

Nikamwendea bibi mmoja aliyevaa kofia, nikamwuliza kwa Kijerumani changu cha shambani liko wapi kanisa la Wakatoliki. Bibi akatabasamu, akainua fimbo yake, akaonyesha mbele. Nikaifuata ile fimbo kwa macho. Karibu yetu, ng'ambo ya uwanja, palikuwa na jengo la mviringo lenye paa kama chungu kilichopinduliwa. Mbali zaidi, juu ya mapaa yote, ulisimama mnara mrefu kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona, una tufe la chuma kule juu, na juu ya tufe hilo ulikuwa unang'aa msalaba. Msalaba mkubwa wa mwanga.

Mnara wenyewe niliujua. Ulikuwa kwenye stempu za barua zangu, na chuoni waliuita mnara wa televisheni. Lakini kwenye stempu haukuwa na msalaba. Pale pale uwanjani, njaa ikiniuma, nikaigundua siri ya nchi ile: lilikuwa kanisa, serikali haipendi makanisa, kwa hiyo wameliita televisheni na kuufuta msalaba kwenye stempu. Nikawahurumia Wakatoliki wa Berlini. Nikamshukuru bibi, nikamshika mtani mkono, tukaondoka.

Tulipita kando kabisa ya lile jengo la mviringo. Mtani akauliza, je, si hili? Nikamcheka. Kwetu kanisa ni la matofali, ni refu, lina mnara na kengele, mapadri walilijenga hivyo na hivyo ndivyo kanisa linavyokuwa. Nikamwambia hicho ni kihenge, labda wanahifadhi mpunga wa taifa.

Chini ya mnara tukakuta foleni. Watu wote wamevaa nguo zao za Jumapili, akina mama na kofia, watoto wamechanwa nywele, na wametulia kabisa. Nikaona hapa ndipo. Nilikuwa nimelikosa jambo hilo kwa mwaka na nusu, kusimama Jumapili asubuhi na watu waliooga. Mtani akanisimamisha kando, akarudi nyuma, akarudi tena nyuma mpaka akaingia barabarani, akapiga picha: mimi nimesimama wima na suti yangu, mnara mzima nyuma yangu, na msalaba juu. Hiyo ilikuwa picha ya kwanza kati ya mbili.

Tulisimama foleni saa nzima na zaidi. Mtani alikuwa kimya isivyo kawaida yake. Alikuwa akisoma mabango ukutani, kisha ananitazama, kisha anatazama viatu vyake. Mlangoni palikuwa na mama kibandani anayekata tiketi. Hilo halikunishangaza hata chembe. Kwetu siku ya Pasaka mzee wa kanisa hukaa mlangoni kukagua kadi za zaka, na asiyelipa hujificha nyuma ya mwenzake. Nikatoa, nikapokea tiketi kwa mikono miwili, nikamwambia yule mama Tumsifu Yesu Kristo kwa Kijerumani kadiri nilivyoweza. Akanitazama sana.

Tukaingizwa kwenye lifti. Masikio yakaziba. Nilipiga ishara ya msalaba, na nilikuwa katika sala ya kutubu, nimefumba macho, mlango ulipofunguka.

Kulikuwa na meza, na kwenye meza kulikuwa na vikombe. Dada aliyevaa aproni nyeupe akatuongoza dirishani, akatuuliza tutakunywa nini. Nikatazama huku na huku nikitafuta altare. Nikahisi kizunguzungu, nikadhani ni njaa, kumbe chumba chote kilikuwa kinazunguka polepole pamoja nasi, na mji unapita dirishani.

"Mtani," nikasema, "misa iko ghorofa gani?"

Hapo ndipo aliposhindwa kujizuia. Aliinamia meza akacheka mpaka machozi yakamtoka, mpaka wazungu wakageuka. Alijua tangu kwenye foleni. Mabango yote yalisema kahawa na keki, naye tangu asubuhi alikuwa ametamani kupanda juu. Akaagiza keki mbili zenye krimu. Nikataka kukasirika. Nilitaka kwa nguvu zangu zote, lakini alikuwa mtani, na sheria nimeshaieleza. Basi nikala keki yangu. Nikala na nusu ya yake, kwa kuwa kufunga kwenyewe kulikuwa kumeharibika. Naye, ili habari isipotee, akaipiga picha ile keki iliyobaki na mimi nyuma yake nimenuna. Hiyo ilikuwa picha ya pili.

Ngoja niseme ukweli: keki ilikuwa tamu sana, na Berlini kutoka kule juu ilikuwa nzuri kuliko barua zangu zote. Niliuona mto, nikayaona mapaa, nikaziona barabara zile pana sasa zimekuwa nyembamba kama njia za mbuzi. Kwa dakika kama kumi nilikuwa na furaha isiyo na deni kwa mtu yeyote. Baadaye mtani akateremka kwenye baraza la chini ambako kuna darubini, nami nikamfuata.

"Kihenge chako kina watu," akasema, jicho likiwa kwenye darubini. "Wanatoka watoto. Wasichana wadogo, wote wamevaa shela nyeupe kama maharusi. Kuna nini?"

Nikamsukuma nikatazama. Watoto wa komunyo ya kwanza. Walikuwa wanatoka kwenye lile jengo la mviringo wawili wawili, na mbele yao padri na moshi wa ubani, na juu ya paa la chungu niliuona sasa msalaba, mdogo, wa kweli, uliokuwa pale tangu asubuhi; ule wa mnarani ulikuwa mng'ao wa jua tu kwenye chuma cha tufe. Bibi yule alikuwa ameonyesha sawasawa. Nilikuwa nimepita hatua ishirini kutoka mlango wa misa nikaenda kula keki.

Nadhani mtani alinisoma usoni, maana alikoma kucheka. Akatupeleka mbele ya foleni ya lifti akiwaambia watu kwamba mimi ni mgonjwa, na hakuwa amekosea sana. Tulikimbia njia nzima. Yeye ni mtu mnene, lakini alikimbia, makoti yetu mawili mkononi.

Nilipofika, uwanja ulikuwa na maua yaliyokanyagwa na wapiga picha wanaofunga mizigo yao. Ndani alikuwepo mzee mmoja tu anayezima mishumaa kwa kijiti kirefu. Nikapiga magoti benchi la nyuma. Ubani ulikuwa bado umetanda, ubani uleule wa Usevya. Nililia, sioni aibu kusema. Sikulia kwa ajili ya picha. Nililia kwa sababu niligundua kwamba nilikuwa nimeacha kuikumbuka misa yenyewe. Kwa muda mrefu nilikuwa nakumbuka tu kuiandika. Nikasali Salamu Maria tatu. Mzee akazima mshumaa wa mwisho, akaniambia kwa upole kwamba misa nyingine ni jioni. Basi letu lilikuwa saa saba.

Mtani alikuwa nje, amekaa kwenye ngazi. Akaniomba radhi, jambo ambalo mtani hapaswi kulifanya, na nilimkatalia ili asije akazoea.

Ungetegemea kwamba baada ya hayo niliandika barua ya kweli. Sikuandika. Picha ilisafishwa ikatoka nzuri ajabu, suti imekaa, msalaba unang'aa, na kijiji kizima kilikuwa kinaisubiri. Nikaandika: Mama, hili ndilo kanisa. Nilijitetea kwamba angalau nilikuwa nimelipanda. Nikabandika stempu, nikatuma, na wiki nzima sikuweza kumtazama mtani.

Jibu lilichukua miezi minne. Bahasha haikuwa na mwandiko wa Mwalimu. Ilikuwa na herufi kubwa za penseli, zilizopinda, nyingine zimefutwa mpaka karatasi ikatoboka. Ndani palikuwa na ukurasa wa daftari. Ninao mpaka leo, na nimeuandika hapa kama ulivyo, ila nimetenganisha maneno mahali alipoyaunganisha.

"Mwanangu. Mimi mama yako naandika mwenyewe. Nimefaulu kisomo. Barua zako zote nimezitoa sandukuni nimezisoma kuanzia ya kwanza. Daraja la kioo katika ya kwanza sijaliona. Nimemwuliza Mwalimu, anasema aliongeza kidogo watu wasisinzie. Nimemsamehe. Lakini muhuri wa posta hauongezwi na Mwalimu. Muhuri wa kila barua una mji mwingine, sio Berlini. Na kanisa lako liko kwenye stempu, halina msalaba. Sikugombezi. Ila kila asubuhi nilikuwa nakuombea Berlini na wewe huko haupo. Niambie uko wapi na huko kukoje, nijue pa kukuombea."

Chini yake alikuwa ameunakili muhuri wote, jina la mji wetu mdogo, herufi moja moja, hata ile yenye nukta mbili kichwani, ambayo mimi mwenyewe ilinichukua wiki kuizoea.

Nilikaa na karatasi ile zizini, maana ndipo nilipokuwa nimeifungulia. Kisomo cha watu wazima kilikuwa kimeanza kwetu nilipoondoka, na nilikuwa nimesikia kwamba akina mama wanakwenda jioni, baada ya shamba, watoto mgongoni. Sikuwa nimefikiri kwamba mama naye anakwenda. Sikuwa nimejiuliza anakwenda kutafuta nini.

Jioni ile ile niliandika kurasa nane. Niliandika mabuti ya mpira, kabichi, kufuli la Walutheri, na Jumapili nilizolala mpaka saa tatu. Niliandika foleni, keki moja na nusu, watoto wenye shela, na Salamu Maria tatu. Ukurasa mzima ulikuwa wa nguruwe, aliyekuwa karibu kuzaa na ambaye mzao wake wa kwanza ulimtesa sana. Sikuandika ya kusomwa kwenye ngazi ya kanisa. Niliandika polepole, kwa herufi kubwa, kwa mtu mmoja.

Nilirudi mwaka uliofuata. Treni ilipoingia Mpanda niliona lori zima la watu wa Usevya stesheni, na Mwalimu mbele, mvi zimeongezeka. Akina mama wakaimba. Mwalimu akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote, lile daraja la kioo je, bado lipo? Nikatazama upande wa mama. Alikuwa amesimama kando, ananitazama mimi mdomoni, hatikisiki.

Nikasema hakuna daraja la kioo. Nikasema hata mimi sikukaa Berlini, nilikaa mji mdogo nikifuga nguruwe, na Berlini nilikwenda siku tatu nikala keki. Kisha mzee mmoja akauliza, nguruwe wa huko ni wakubwa? Nikanyoosha mikono kuonyesha. Watu wakaguna kwa heshima, na Mwalimu, mtu asiyeshindwa, akawaeleza kwamba hata hivyo yeye alikuwa ameona mkubwa kuliko huyo.

Tukapanda juu ya lori. Mama akanitengea nafasi kwenye gunia la katikati, mahali pasipotikisika sana, akanifunika magoti kwa kanga yake kwa ajili ya mbung'o. Hakuniambia nimekonda, hakuniuliza nimemletea nini. Alingoja mpaka mji wa Mpanda ukaisha na wengine wakaanza kusinzia.

"Haya," akasema. "Alizaa wangapi?"

"Kumi na mmoja," nikamwambia. "Mmoja alilaliwa na mama yake akafa. Kumi wakapona."

"Mungu amesikia," akasema mama. "Nilimwombea na yeye."